Mabao pekee hayatoshi: Jinsi ya kumpima fowadi chipukizi wa magongo

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Katika mchezo wa magongo, methali hiyo imewaponza wengi. Mashindano ya shule yanapomalizika, aghalabu hujitokeza fowadi mmoja au wawili ambao majina yao huvuma kutoka Matisi hadi Kimilili kwa ajili ya wingi wa mabao. Miaka mitatu baadaye, baadhi yao huwa hawasikiki tena, ilhali mwenzao aliyekuwa akikalia benchi ndiye anayevalia jezi ya klabu ya Ligi Kuu.

Je, waliomsifu yule wa kwanza walikosea wapi? Na yule wa pili alikuwa na nini ambacho hakuna aliyekiona?

Maswali haya si ya burudani tu. Kwa familia nyingi za Trans Nzoia na Bungoma, gongo laweza kumpatia kijana karo ya shule, nafasi ya chuo kikuu au hata ajira katika asasi za ulinzi. Hukumu ya haraka inayotolewa na mwalimu au kocha mmoja kando ya uwanja yaweza kuifungua njia hiyo au kuifunga kabisa.

NGOME YA MAGHARIBI

Matisi ni wadi iliyo pembezoni mwa mji wa Kitale, katika eneobunge la Saboti. Kijana wa huko hahitaji kusafiri mbali kuona magongo yakichezwa kwa ustadi. Shule ya Wavulana ya St. Anthony's, Kitale, imejijengea jina katika soka na pia katika magongo. Ukivuka na kuingia Kaunti ya Bungoma, utaikuta Friends School Kamusinga, mojawapo ya shule zilizotawala mchezo huu nchini kwa miaka mingi. Kusini zaidi, Kakamega, ipo Musingu. Kwa upande wa wasichana, St. Joseph's ya Kitale na Misikhu ya Bungoma ni miongoni mwa shule zinazojulikana.

Klabu kubwa nazo huelekeza macho huko. Butali Warriors, inayofadhiliwa na kampuni ya sukari ya Butali katika Kaunti ya Kakamega, pamoja na Kenya Police, zimenufaika pakubwa na wachezaji waliolelewa katika shule za magharibi ya nchi.

Kwa hivyo vipaji si haba. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo cha haki cha kuvipambanua.

'UMRI WA GONGO'

Jambo la kwanza ambalo mtathmini anapaswa kuuliza si umri wa kijana kwa cheti cha kuzaliwa, bali ni miaka mingapi amelishika gongo. Tuuite huo umri wa gongo.

Nchini Uholanzi, mtoto wa miaka sita huweza kujiunga na klabu iliyo karibu na nyumbani na kufunzwa na kocha kila juma. Afikapo miaka 17, huwa ana takriban miaka 11 ya mafunzo. Hapa kwetu, wanafunzi wengi hulishika gongo kwa mara ya kwanza wanapoingia shule ya upili. Fowadi wa miaka 17 kutoka Matisi huenda ana miaka miwili au mitatu tu ya mchezo, na ndani ya miaka hiyo mna likizo, mitihani na mihula ambayo magongo hayachezwi kabisa.

Kuwalinganisha vijana hawa wawili kwa ustadi wao wa leo ni sawa na kulinganisha mahindi yaliyopandwa Machi na yaliyopandwa Mei, kisha kumlaumu mkulima kwamba mbegu ya pili ni mbaya. Swali la haki ni hili: tangu aanze, amejifunza kwa kasi gani? Anayejua leo jambo ambalo hakulijua muhula uliopita ana mustakabali mwema kuliko anayefanya vizuri lile lile alilolifanya mwaka juzi.

KWA NINI MABAO HUDANGANYA

Fowadi yupo uwanjani afunge mabao. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, hesabu ya mabao ya mashindano ya shule ni shahidi wa kuhojiwa kwa makini.

Kwanza, mashindano hayo huwa mafupi. Timu hucheza mechi kadhaa kwa siku chache, na tofauti ya uwezo baina ya shule huwa kubwa katika raundi za mwanzo. Pili, mabao hayafungwi kwa njia moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fowadi wa kwanza amefunga mabao 9 katika mechi 6. Kati ya hayo, 5 aliyapata katika mechi moja dhidi ya wapinzani dhaifu, na 3 yalitokana na kona fupi ambazo yeye pekee ndiye anayeruhusiwa kuzipiga. Katika mechi 5 zilizobaki, bao alilolipata bila msaada wa kona fupi ni 1 tu.

Fowadi wa pili amefunga mabao 3, kila moja katika mechi tofauti. Zaidi ya hayo, ametoa pasi 4 zilizozaa mabao, na mara 8 amewalazimisha mabeki kufanya makosa yaliyoipa timu yake kona fupi.

Gazeti litamwandika wa kwanza. Kocha mwenye busara atawaita wote wawili, ila atamtazama wa pili kwa makini zaidi, kwa kuwa alichokifanya kinaweza kurudiwa mbele ya mabeki wazuri. Wala tusimdharau wa kwanza. Upigaji wa kona fupi ni fani adimu. Lakini ihesabiwe peke yake, isichanganywe na uwezo wa kushambulia.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Mtathmini anayetaka kujua uwezo wa fowadi na ayaelekeze macho yake katika mambo haya.

Mosi ni mguso wa kwanza. Sheria inaruhusu mchezaji kuucheza mpira kwa upande bapa wa gongo na kwa kingo zake pekee, si kwa upande wa mviringo. Kwa hivyo namna anavyoupokea ndiyo huamua atakachoweza kufanya baadaye. Fowadi aliyeiva huupokea mpira huku mwili ukiwa umegeuka nusu kuelekea goli, na mguso wake huusogeza mpira kwenye nafasi iliyo wazi. Asiyeiva huusimamisha kabisa, kisha ndipo ainue macho kutafuta njia. Katika nafasi hiyo, beki huwa tayari amefika.

Pili ni mwendo bila mpira. Kwa muda mwingi wa mechi, fowadi hana mpira. Mtazame yeye peke yake kwa dakika kumi bila kuufuata mpira kwa macho. Je, hukimbia kumfungulia mwenzake njia hata akijua hatapewa pasi? Je, hujificha nyuma ya bega la beki na kuchomoka kwa wakati? Tangu sheria ya kuotea ilipofutwa katika magongo katika miaka ya 1990, fowadi anaweza kusimama popote. Uhuru huo humfaa mwenye akili na humfanya mvivu azubae mbele ya kipa.

Tatu ni uamuzi ndani ya nusu duara la kufungia, ambalo wachezaji huliita di. Mstari wake uko mita 14.63 kutoka golini, na bao halihesabiwi isipokuwa mpira umeguswa na mshambulizi ndani yake. Humo, nafasi ya kupiga huweza kudumu chini ya sekunde moja. Fowadi mzuri huwa na majibu matatu: kupiga mara moja, kumpa mwenzake aliye mbali na kipa, au kuuelekeza mpira kwenye mguu wa beki ili apate kona fupi. Chipukizi mwenye jibu moja tu hufahamika haraka kwa mabeki wa Ligi Kuu.

Nne ni kazi ya kuzuia. Katika magongo ya kisasa, fowadi ndiye beki wa kwanza. Timu yake ikipoteza mpira, yeye ndiye hufunga njia ya katikati na kumsukuma mpinzani kuelekea ukingoni. Wapo vijana wanaorusha gongo kwa pupa, wakapitwa, kisha wakasimama wakiwa wameshika kiuno. Wengine husubiri, hukaa chini na kumlazimisha beki atoe pasi mbaya. Wa pili ndio makocha wanaopenda kuwachagua.

Tano ni kona fupi. Mabeki wanne na kipa hulinda, na mpira sharti utoke kwanza nje ya di kabla ya kupigwa golini. Pigo la kwanza likiwa la kubamiza, mpira hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli ukiwa juu ya sentimita 46, yaani kimo cha ubao wa chini ya wavu. Ukikokotwa na kurushwa kwa gongo, waweza kwenda juu zaidi. Ndiyo maana ufundi wa kuukokota mpira umekuwa lulu. Si kila fowadi atakuwa mpigaji, lakini kila fowadi anaweza kujifunza kuusukuma mpira kutoka mstarini, kuusimamisha, au kuugeuza njiani umpoteze kipa.

Sita, na pengine kubwa kuliko yote, ni jinsi anavyopokea maelekezo. Mwambie kosa lake wakati wa mapumziko, kisha tazama robo inayofuata. Anayejaribu kurekebisha, hata akishindwa, anajifunza. Anayenung'unika au kumlaumu kiungo kwa kutompa pasi huenda atafunga leo na kesho, ila maendeleo yake yatakwama.

NYASI ZA ASILI NA NYASI BANDIA

Hapa ndipo vijana wengi wa mashambani huhukumiwa visivyo.

Historia yenyewe inafundisha. Kenya iliwahi kuwa jabali la magongo duniani. Ilimaliza ya 6 katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya 4 katika Kombe la kwanza la Dunia lililochezewa Barcelona mwaka 1971. Beki wake mashuhuri, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972.

Kisha mwaka 1976 huko Montreal, magongo ya Olimpiki yakachezewa nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kenya haikuwapo, kwani mataifa mengi ya Afrika yalisusia michezo hiyo. Ilirejea Los Angeles mwaka 1984, na baada ya kutwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987, ikaenda Seoul mwaka 1988. Tangu hapo timu ya wanaume haijaonekana tena Olimpiki. Sababu ni nyingi, lakini uhaba wa viwanja vya nyasi bandia ni mojawapo. Uwanja wa City Park, mtaani Parklands, Nairobi, ndio ambao umekuwa ukitegemewa zaidi.

Kwa fowadi, tofauti ya viwanja hivi ni kubwa. Kwenye nyasi za asili, au ardhi iliyokauka, mpira hurukaruka. Mchezaji huzoea kuulinda kwanza, akiwa amesimama wima, akihofia utamruka. Kwenye nyasi bandia mpira huenda moja kwa moja na kwa kasi. Inambidi ainame, alaze gongo, na aupokee akiwa mbioni. Pasi ambayo nyumbani ingemfikia taratibu, huku humpita kabla hajageuka.

Sasa mfikirie kijana anayesafiri takriban kilomita 380 kutoka Kitale hadi Nairobi, akafika alfajiri akiwa hajalala, kisha akaingizwa kwenye majaribio ya saa moja juu ya uwanja ambao hajawahi kuukanyaga. Atapoteza mipira. Mwenzake aliyesoma Nairobi ataonekana hodari. Mtathmini akifunga daftari hapo, atakuwa amepima mazoea, wala si kipaji.

Njia iliyo bora ni kumpa siku kadhaa za mazoezi, na kulinganisha siku ya kwanza na ya mwisho. Aliyelelewa kwenye ardhi mbovu mara nyingi huwa na mikono myepesi na macho ya haraka, kwa vile mpira wa nyumbani haukumwonea huruma. Akishazoea kuinama, sifa hizo humbeba.

MWILI NA MIAKA

Kosa jingine ni kumchagua aliyekomaa mapema. Katika umri wa miaka 15 au 16, kijana aliyetangulia kubalehe huwapita wenzake kwa mbio na nguvu. Hufunga kwa kuwaacha mabeki nyuma, wala hahitaji kujifunza chenga wala pasi. Wenzake wanapomfikia kimo miaka miwili baadaye, silaha yake pekee huwa imeisha makali.

Jambo hili si la magongo ya Kenya pekee. Nchini Canada, mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba wachezaji wengi wa magongo ya barafuni walizaliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu ilikuwa tarehe ya kugawa makundi ya umri: mtoto wa Januari alikuwa mkubwa kwa miezi mingi kuliko wa Desemba, akachaguliwa, akapata mafunzo bora, na pengo likaongezeka. Hakuzaliwa na kipaji zaidi, alitangulia tu.

Kwetu tatizo huongezewa uzito na udanganyifu wa umri. Mchezaji aliyepunguza miaka yake hufunga mabao dhidi ya watoto, na kumnyima nafasi kijana halali. Hata yeye mwenyewe hapati faida ya kudumu, kwa kuwa akifika Ligi Kuu huwa tayari amefikia kilele chake.

Kinyume chake, akili ya mchezo haizeeki upesi. Mwaka 1947, timu ya India ilipozuru Afrika Mashariki, iliongozana na Dhyan Chand, fowadi aliyekuwa ameshinda dhahabu tatu za Olimpiki kati ya 1928 na 1936. Alikuwa amepita umri wa miaka 40, na bado alifunga mabao. Miguu haikuwa ile ya ujana, lakini alijua mpira utafika wapi kabla haujafika.

BAADA YA SHULE

Tathmini yoyote isiyozingatia maisha baada ya shule ni nusu tathmini. Magongo ya Kenya kwa sehemu kubwa ni ya ridhaa. Wachezaji wengi hutegemea ajira, masomo ya chuo au familia, huku klabu za polisi na jeshi zikiwa miongoni mwa chache zinazounganisha mchezo na mshahara. Hata klabu ya wanawake iliyotawala Afrika kwa jina la Telkom Orange ilipoteza ufadhili wake na kulazimika kuendelea kwa jina la Blazers.

Milango ya nje ipo, ingawa ni myembamba. Kuna ligi za kulipwa Ulaya, na Ligi ya Magongo ya India ilifufuliwa Desemba 2024 baada ya kusimama kwa miaka kadhaa. Mwezi Januari 2024, Kenya ilicheza Kombe la Dunia la wachezaji watano kila upande mjini Muscat, Oman. Mashindano ya namna hiyo huwapa vijana nafasi ya kuonekana.

Basi mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe atafika mbali, na aulize: atachezea wapi mwaka wa kwanza baada ya mtihani? Nani atamlipia nauli ya mazoezi? Kwa wasichana swali hili ni zito zaidi, kwani wengi huliweka gongo chini siku wanapotoka shuleni, si kwa kukosa uwezo bali kwa kukosa timu iliyo karibu na nyumbani. Kipaji kisicho na uwanja, kocha wala nauli hakikui, hata kiwe kikubwa kiasi gani.

DAFTARI LA MWALIMU

Haya yote hayahitaji mitambo. Mwalimu wa michezo anaweza kuanza na daftari la senti chache. Kwa kila mechi aandike dakika ambazo fowadi alicheza, kwa kuwa wachezaji hubadilishwa bila kikomo na wawili waliovaa jezi moja huenda hawakucheza muda sawa. Aandike mipira aliyopokea na aliyopoteza, mara alizoingia di, mapigo yaliyolenga goli, kona fupi alizosababisha na mipira aliyowanyang'anya mabeki. Mabao yawe safu ya mwisho, wala si ya kwanza. Kando yake aandike jina la mpinzani na aina ya uwanja.

Mwishoni mwa muhula, aandike sentensi mbili: kijana huyu yuko wapi leo, na amebadilika vipi tangu muhula uliopita. Akichanganya mambo haya mawili, atamtukuza aliyefika mapema na kumsahau anayekuja kwa kasi.

Sifa nazo zitolewe kwa kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na fowadi wa miaka 16 anayeitwa bingwa kila Jumamosi haoni tena sababu ya kufika mazoezini Jumatatu. Vilevile, aliyeachwa nje ya kikosi aelezwe kwa maneno wazi sababu yake, na aambiwe lini atatazamwa tena. Mlango ukifungwa bila maelezo, wengi hudhani umefungwa milele.

Tathmini ya haki, kwa hivyo, haifanywi siku moja. Mtazame kijana wa Matisi mwanzoni mwa mwaka, mtazame tena katikati, na umtazame mara ya tatu akiwa amechoka, timu yake ikiwa imefungwa mabao mawili na dakika kumi zimesalia. Akiwa bado anakimbia kumfungulia mwenzake njia, liandike jina lake, hata kama siku hiyo hakufunga.